Je, Neno Limewasili? Misingi ya Mawasiliano na Usemaji kwa Mhubiri

Neno "mawasiliano" limetokana na kitenzi "kuwasili". Msafiri aliyeondoka Singida mjini kwenda Nduguti hawi amewasili mpaka ameshuka garini Nduguti. Barua haiwi imewasilishwa mpaka imeshikwa na mkono wa aliyeandikiwa. Vivyo hivyo watu wanaowasiliana ni watu ambao kila mmoja ameufikia upande wa mwenziwe. Makala haya yanakusudia kueleza baadhi ya misingi ya mawasiliano na ya kusema mbele ya watu, kwa kadiri inavyomhusu mtumishi wa Neno. Hoja yake ni moja: mahubiri hupimwa kwa kile kilichowasili kwenye benchi la nyuma, na mhubiri hana njia ya kujua kilichowasili asipokwenda kuuliza.

Sisi tuliosoma vyuoni tumezoea kupima jambo hili kwa upande mmoja tu, upande wa kuondoka. Tunauliza kama ufafanuzi wa andiko ni sahihi, kama mafundisho ni safi, kama mpangilio una mantiki. Maswali hayo ni ya lazima, nami huwauliza wanafunzi wangu kila muhula. Lakini yote huulizwa gari likiwa bado stendi.

Sikukuu ya Matengenezo

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuhubiri katika Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa kwenye mtaa mmoja wa kijijini, upande wa Unyaturu. Somo lilikuwa Warumi 3:21-28, andiko ambalo kila mwanafunzi anayeingia darasani kwangu hulisoma kabla ya mwisho wa juma la kwanza. Nilikuwa nimejitayarisha vema. Nilieleza maana ya kuhesabiwa haki kwa imani, nikaeleza kuwa haki hiyo humjia mtu kutoka nje yake, nikamtaja Martin Luther na mji wa Wittenberg na mwaka 1517. Washarika walitulia. Wazee wa kanisa waliitikia kwa vichwa, kwaya ikaimba, nami nikarudi kitini nikiwa nimeridhika.

Baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka za mavuno. Jogoo mmoja alipokuwa akipandishwa bei, mama mmoja mzee alinijia. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba, Baba Mchungaji," akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru sana kwa neno la siku ile. Akaniambia kwamba kesi ya shamba la mwanawe ilikuwa bado iko katika baraza la kata, kwamba mpinzani wao ni mtu mwenye fedha na maneno mengi, na kwamba yeye alikuwa amekwisha kukata tamaa. "Lakini leo umetuambia, Baba, kwamba mtu wa imani anahesabiwa haki. Basi Jumatano nitakwenda. Haki yetu tutahesabiwa."

Nilitafuta neno la kumjibu nikalikosa. Mama yule hakuwa amesinzia. Alisikiliza kuliko wengi, akayakamata maneno yangu yote mawili, "haki" na "kuhesabiwa", akayapeleka mahali yanapoishi siku sita za juma. Haki katika Kiswahili cha kila siku ni kitu unachostahili na unachoweza kudai: haki ya mjane, haki za raia, kunyimwa haki. Kuhesabiwa ni jambo la sensa, la ng'ombe wanaoingia zizini jioni, la fedha zinazowekwa mezani noti kwa noti. Mtu anayehesabiwa haki, kwa masikio hayo, ni mtu anayelipwa stahili yake kamili. Mtume Paulo anasema kinyume kabisa, yaani kwamba hakuna hata mmoja mwenye cha kudai. Nilikuwa nimehubiri Injili, naye akapokea ahadi ya kushinda kesi. Ahadi hiyo sikuitoa mimi, lakini ilitoka kinywani mwangu, na kama Jumatano ile angeshindwa, angesema nini juu ya Mungu?

Nilimwomba nimsindikize. Njiani nilimwambia kwamba nilikuwa nimeeleza vibaya, na kwamba barazani aende na mashahidi wake na karatasi zake zote. Kisha nikamwuliza: "Mama, mtu aliyekosa kweli, hana neno la kujitetea, hata hivyo akapokelewa nyumbani akala pamoja na wenziwe, ninyi husema nini juu yake?" Alitembea kidogo bila kujibu. Halafu akasema, "Huyo hana haki. Ana baba."

Nitarudi kwa maneno hayo. Kwanza tutazame ni kitu gani kilichokuwa kimetokea kati ya mimbari na benchi.

Waya na mtu

Vitabu vingi vya mawasiliano huanza na Claude Shannon, mhandisi Mmarekani wa maabara za simu za Bell, ambaye mwaka 1948 alichapisha nadharia iliyopata sifa kubwa. Alionyesha kuwa kila upelekaji wa habari una chanzo, una chombo kinachoigeuza habari kuwa ishara, una njia ambayo ishara hupitia, una kelele zinazoiingilia njiani, na una chombo cha upande wa pili kinachoigeuza ishara kuwa habari tena. Waliomfuata waliongeza jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote, yaani mrejesho: kile kinachotoka kwa mpokeaji kurudi kwa mpeleka ujumbe.

Mchoro huu ni mzuri mradi tukumbuke ulichorwa kwa ajili ya nini. Shannon alishughulika na waya za simu, naye mwenyewe alieleza wazi kwamba maana ya ujumbe haikuwa sehemu ya tatizo lake la kihandisi. Kwa mhubiri maana ndiyo tatizo lenyewe. Waya haina kesi barazani, mtu anayo. Waya haileti kanisani lugha ya mama yake, njaa yake na kumbukumbu ya mchungaji aliyemkosea miaka kumi iliyopita. Nimewahi kusoma kitabu cha kufundishia homiletiki kilichomwita msikilizaji "kipokezi", na ninakiri kwamba nilikifunga.

Hata hivyo neno "kelele" tulichukue kwa shukrani, maana linatusaidia kupambanua mambo. Zipo kelele za nje. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na zikianza kupiga bati la kanisa hakuna sauti ya mwanadamu itakayozishinda. Mhubiri mwenye busara hashindani nazo. Watu wote walioko ndani wanamshukuru Mungu kwa sauti ile, na yeye anyamaze, aanzishe wimbo. Kipaza sauti kibovu ni afadhali kizimwe. Mambo haya hayahitaji maelezo marefu.

Zipo pia kelele za ndani ya mtu. Aliyefiwa juzi, aliyeachwa na mumewe, baba ambaye mtoto wake amekosa sare za shule: hawa husikia sauti mbili kwa wakati mmoja, na sauti ya mimbarini si lazima iwe ndiyo yenye nguvu zaidi. Hapa ndipo uchungaji na mahubiri visipotenganishwa. Mchungaji anayewatembelea watu wake Alhamisi anajua Jumapili ni kelele zipi zilizomo benchini, naye anaweza kuzitaja kwa upole, na kelele ikitajwa hupungua.

Lakini zilizonishinda mimi siku ile zilikuwa za aina ya tatu, nazo ndizo zisizosikika: kelele zilizomo ndani ya maneno yenyewe. Msikilizaji anayekosa kuelewa hukunja uso, na mhubiri huona. Msikilizaji anayeelewa kitu kingine hutabasamu na kushukuru. Kwa sababu hiyo kuelewa vingine ni hatari kuliko kutoelewa.

Neno jingine la namna hiyo ni "neema". Katika mkoa wetu mkavu, mwaka wa neema ni mwaka ambao uwele na mtama vimejaa ghalani, alizeti imeuzwa, mifugo imenenepa. Sasa mhubiri anasimama katika mwaka wa ukame na kulifafanua andiko la 2 Wakorintho 12:9, ambamo Bwana anamwambia Paulo kwamba neema yake yatosha. Nani ataona ajabu ikiwa mzee aliyevuna debe moja atajiuliza ni neema gani hiyo inayozungumzwa? Paulo alikuwa akisema juu ya udhaifu na mwiba mwilini. Mhubiri asipolisema hilo waziwazi, mzee atatazama ghala yake na kufikia hitimisho lake mwenyewe juu ya Mungu. Wale wanaoitwa wahubiri wa mafanikio hawana shida na neno hili, kwa maana wao wanalitumia jinsi linavyotumika sokoni. Sisi tunalitumia kwa maana ya Paulo na kudhani kwamba kila mtu amehama pamoja nasi.

Luther na watu wa sokoni

Kwetu Walutheri jambo hili si geni, ingawa tumelisahau. Mwaka 1530 Martin Luther, akiwa katika ngome ya Coburg, aliandika waraka wa wazi juu ya kazi ya kutafsiri. Alikuwa ameshutumiwa kwa sababu katika Warumi 3:28 alitia neno la Kijerumani lenye maana ya "peke yake", ambalo halimo katika Kiyunani. Alijibu kwamba anajua fika kuwa neno hilo halimo, ila Kijerumani chenyewe kinalidai ili maana ya Paulo ifike. Akaongeza kwamba atakaye kujua jinsi Kijerumani kinavyosemwa asiende kuuliza Kilatini. Amwulize mama nyumbani mwake, watoto barabarani, na mtu wa kawaida sokoni, avitazame vinywa vyao. Ni andiko lile lile nililolihubiri mimi. Luther alikwenda sokoni kabla ya kusema. Mimi nilifika mnadani baada ya kusema.

Watafsiri wa Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, hawakukosea kuchagua "kuhesabiwa haki". Lugha ya hesabu imo kweli katika Mwanzo 15:6 na katika sura yote ya nne ya Warumi, nao waliichukua kutoka huko na kuitia katika kitenzi "dikaioo" cha sura ya tatu. Biblia Habari Njema ilipita njia nyingine, ikapendelea kusema kwamba mtu hukubaliwa kuwa mwadilifu. Lakini hapa nako kuna jiwe la kujikwaa, kwani katika Kiswahili cha leo mwadilifu ni mtumishi wa umma asiyepokea rushwa. Hakuna neno litakaloifanya kazi yote peke yake. Tafsiri hutupa neno. Kulifungua ni kazi ya mhubiri, na kila kizazi hulifungua upya, kwa sababu maneno hayakai mahali pamoja. Mwaka 1952 watu wengi hawakuwa wamezoea kusikia juu ya "haki za binadamu" redioni kila asubuhi.

Basi tusiyatupe maneno ya Kanisa. Mtu akiondoa "haki" kabisa katika mahubiri ya Warumi, amemwondoa na hakimu, na Paulo anamhitaji hakimu. Ninachoshauri ni kwamba neno zito lisitamkwe kamwe bila kufuatwa, palepale, na sentensi ya maneno ya nyumbani. Katika madaftari yangu ya zamani nimekuta sentensi hii: "Uhesabiwaji haki wa mwanadamu ni tukio la kisheria linalotoka nje ya nafsi yake." Kila neno ni la Kiswahili, lakini hakuna Mswahili aliyepata kusema hivyo akiwa na akili zake. Ni Kijerumani kilichovaa kanzu.

Mji wa Listra na Mkoa wa Singida

Tatizo linazidi pale ambapo Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Mkoa wa Singida na mipaka yake ni mahali pa pekee katika Afrika. Zinasikika hapa lugha za Kibantu kama Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu na Kigogo. Lugha ya Wabarbaig, ambayo ni ya jamii ya Kiniloti. Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya Kikushi. Na lugha ya Wahadzabe yenye sauti za vidoko, ambayo wataalamu hawajapata kuiunganisha na lugha nyingine yoyote. Kwenye gulio moja upande wa Mkalama mtu anaweza kukutana na wasemaji wa jamii hizi zote katika asubuhi moja. Wote watanunua chumvi kwa Kiswahili. Je, watatubu kwa Kiswahili? Vijana, naam, kwani wamekulia shuleni. Lakini bibi aliyejifunza Kiswahili ukubwani ana Kiswahili cha chumvi na cha zahanati, na mambo ya moyo bado anayasema kwa lugha nyingine.

Katika Matendo 14 Paulo na Barnaba wako Listra. Paulo amemponya kiwete, na makutano wanapaza sauti. Luka anatuambia jambo ambalo wafafanuzi wengi hulipita haraka: walipaza sauti kwa Kilikaonia. Walikuwa wakisema kwamba miungu imeshuka, Barnaba wakimwita Zeu na Paulo Herme, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mnenaji. Mitume, kwa jinsi habari inavyosimuliwa, hawakushtuka mpaka kuhani alipoleta ng'ombe na mashada ya maua tayari kwa kuchinja. Yaani ibada ya sanamu iliandaliwa kwa heshima yao, mbele ya macho yao, na wao pengine walidhani watu wanamsifu Mungu wa kweli. Huu ni mfano mkamilifu wa kelele ya aina ya tatu. Umati ulifurahi, mahubiri yalionekana kufanikiwa, na kilichowasili kilikuwa kinyume cha kilichotumwa.

Tazama pia Paulo alivyojisahihisha. Hakumnukuu Musa wala manabii, ambao watu wa Listra hawakuwajua. Alisema juu ya mvua kutoka mbinguni, nyakati za mavuno, chakula na furaha ya moyo (14:17). Alianzia mahali walipokuwa wamesimama. Nawaambia wanafunzi wanaotoka mikoa ya mvua nyingi na kupangiwa kazi huku kwetu kwamba aya hiyo waisome kila mwezi wa Oktoba, wakati mkulima wa Singida anapotazama mawingu.

Palipo na mkalimani, mhubiri amheshimu kama mhubiri mwenzake. Amwonyeshe andiko na mifano yake siku moja kabla. Mhubiri akisema sentensi kumi na mkalimani akasema mbili, kwa kawaida kosa ni la yule wa kumi. Na mkalimani akisema kumi mahali pa mbili, msimkemee. Yamkini anawaeleza watu kile mlichosahau kukieleza.

Brutus, Antony na nabii Nathani

Juu ya ufundi wa kusema, Mgiriki Aristotle, katika karne ya nne kabla ya Kristo, alitaja mambo matatu yanayomfanya msikilizaji akubali: tabia ya msemaji mwenyewe, mguso wa moyo wa wasikilizaji, na nguvu ya hoja. Mtakatifu Augustino, aliyekuwa mwalimu wa usemaji huko Milano kabla ya kubatizwa, aliuleta ufundi huo ndani ya Kanisa katika kitabu cha nne cha kazi yake juu ya mafundisho ya Kikristo, alichokimalizia mnamo mwaka 426. Akimfuata Cicero, alisema kwamba msemaji hufundisha, hupendeza na husukuma. Na kwamba kufundisha ndiko kwenye ulazima wa kwanza.

Mfano bora ninaoufahamu wa mambo haya uko katika Kiswahili tangu mwaka 1963, pale Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais, alipochapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Ninawaagiza wanafunzi waisome sehemu ya mazishi kwa sauti. Brutus anapanda kwanza. Hoja yake ni fupi na safi: alimpenda Caesar, lakini alimwua ili Roma isiwe na mfalme. Umati unashangilia, na mmoja anapiga kelele kwamba Brutus mwenyewe ndiye afanywe Caesar! Hapo nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, sasa sicheki. Mtu ameeleza kwa ufasaha kwa nini hataki mfalme, na wasikilizaji wanampa ufalme. Brutus haulizi. Anaondoka zake, akimwachia Antony jukwaa.

Antony hafanyi haraka. Anawashika watu kwa machozi, anawaonyesha joho lililotobolewa na visu, anawataka wamzunguke maiti, anawacheleweshea wosia mpaka wao wenyewe wanaudai. Kabla ya jua kuchwa mji unawaka, na mshairi asiye na hatia anauawa kwa sababu tu jina lake ni sawa na la mmojawapo wa wale wauaji. Wanafunzi karibu wote humsifu Antony kuwa ndiye msemaji bora. Ni kweli kwamba yeye aliwatazama watu, na Brutus alijitazama mwenyewe. Lakini mhubiri anayejifunza kwa Antony peke yake ni mtu wa kuogopwa, na mikutano yetu ya hadhara imewaona watu wa namna hiyo, wakitoa machozi kwa wasikilizaji na kisha noti. Afadhali nabii Nathani katika 2 Samweli 12. Naye alisimulia kisa, naye aligusa moyo, lakini mwisho wa kisa chake ulikuwa ukweli uliomhukumu mfalme aliyeweza kumwua. Hakupata faida yoyote kwa hotuba ile.

Kuhusu sauti, macho na saa nitasema kwa kifupi. Sauti ianzie chini ili iwe na mahali pa kupandia. Macho yafike pande zote za kanisa, hata kwa kina mama walioketi karibu na mlango kwa ajili ya watoto. Anayesoma karatasi aisome nyumbani mara tano kwa sauti, kwani sentensi iliyoandikwa kwa jicho mara nyingi haipiti kinywani. Dakika ishirini zenye wazo moja huwafaa watu kuliko hamsini zenye mawazo saba.

Kwenda kuuliza

Mrejesho ndio unaokosekana zaidi katika mahubiri yetu. Darasani mwanafunzi huuliza; barazani mdai hujibiwa; mimbarini mtu mmoja husema na wote huitika Amina, na Amina hiyo husemwa kwa sauti ile ile ikiwa watu wameelewa au hawakuelewa.

Nchi yetu imewahi kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ujumbe ulikuwa mwepisi kulinganisha na Warumi: malaria, minyoo, kichocho, vyoo, maji safi. Redio ingeweza kuutangaza na kunyamaza. Badala yake watu walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, wapatao milioni 2 nchi nzima. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa. Walisikiliza kipindi redioni, wakasoma sehemu ya kitabu, wakajadiliana waliyoyasikia, kisha wakaamua watafanya nini kijijini mwao: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Redio peke yake ni mimbari yenye waya. Kilichoipa nguvu ni mazungumzo baada ya kuzimwa.

Kanisa letu linavyo vikundi tayari. Jumuiya hukutana nyumbani kwa nyumbani, na mara nyingi hupewa somo jipya kabisa, kana kwamba la Jumapili lilikwisha kueleweka. Nimewashauri wachungaji kadhaa waiachie jumuiya swali moja tu: Jumapili tulisikia nini? Mwinjilisti aandike majibu bila kusahihisha, ampelekee mchungaji. Waliojaribu wameniambia kwamba majuma ya kwanza yanauma.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye mtaa ule, na nilihubiri andiko lile lile. Safari hii nilisema kwamba mbele za Mungu hatuna haki ya kudai, ila tunaye Baba. Na kwamba Baba huyo hakufumbia macho kosa, kwani Mwana wake alisimama mahali petu akalichukua. Sehemu hii ya pili niliiongeza baada ya kubishana na mwalimu mwenzangu, aliyenionya kwamba "ana baba" peke yake inauacha msalaba nje, na hukumu inageuka kuwa upole wa mzazi tu. Alikuwa na haki kunionya. Neno la mama lilikuwa mlango, na nyumba ilibidi ijengwe nyuma yake. Yeye mwenyewe alikuwepo, benchi la tatu. Baadaye aliniambia kesi imeahirishwa tena, na kwamba safari hii mahubiri yalikuwa mafupi.

Tangu hapo wanafunzi wangu wa homiletiki hupewa zoezi. Kila mmoja huenda na daftari kwenye mtaa ambako amehubiri mwenzake, wala si yeye, na baada ya ibada huwauliza washarika watatu, mmoja wao akiwa mzee, mchungaji alisema nini leo. Haruhusiwi kuwakumbusha wala kuwaongoza. Wengi hurudi na kurasa zilizojaa: mfano wa mbwa aliyepotea umekumbukwa na wote, andiko na mmoja, hoja kuu na nusu mtu. Mwanafunzi mmoja alirudi na mistari miwili tu. Mzee aliyemwuliza alikuwa amefikiri kwa muda mrefu, kisha akamjibu kwamba mchungaji alisema tusimame, tukasimama, akasema tuketi, tukaketi. Mwanafunzi aliandika vivyo hivyo bila kuongeza neno, nami nikampa alama zote.